Kabla ya kipoza angalia kesi: kompyuta ya gemu kwenye joto la Kigamboni

Wiki tatu nzima nimelala na milimita kichwani. Urefu wa kipoza (kile cha kupoza prosesa, ubongo wa kompyuta), urefu wa grafiki kadi (ile inayochora picha za gemu), kimo cha ramu (vipande vya kumbukumbu), kesi (sanduku la kompyuta) inabeba feni ngapi mbele. Sasa hivi mashine ishasimama mezani na inapiga kazi, na kwa vile watu wamekuwa wananiuliza sana inbox "nichukue kipoza gani kaka", nimeona niandike yote niliyopitia hapa maana jibu langu limeshakua refu halienei tena kwenye meseji.

Kwanza mjue mashine inakaa wapi. Kigamboni, Dar es Salaam, nyumba ya bati, chumba kina dirisha moja la upande wa bahari na pangaboi moja juu. Kiyoyozi sina na sina mpango wa kukiweka. Januari, saa tatu usiku, nimening'iniza kipimajoto ukutani kikasoma nyuzi 31, na hapo jua lilishazama zamani ila bati linapoa taratibu sana. Hiyo 31 naomba muishike, ndio namba iliyoamua kila kitu nilichonunua.

Kwanini? Kwa sababu kipoza hakitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa, basi, kwahiyo hata ukinunua kikubwa namna gani prosesa yako haiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Alafu kitu ambacho nilichelewa kukielewa ni kwamba joto la chumba likipanda, la prosesa nalo linapanda karibu nyuzi kwa nyuzi. Wale jamaa wa Ujerumani na Marekani tunaowaangalia YouTube wanapima vipoza kwenye vyumba vya nyuzi 20 mpaka 23 hivi. Akikwambia kipoza hiki kimeiweka prosesa kwenye 75, wewe wa Kigamboni au Mombasa au Unguja ongeza kama 10 juu yake ndio ujue ya kwako. 75 inakua 85. Kipoza ambacho kule kwao "kinatosha" huku kinaweza kuwa kinahema usiku kucha.

Sasa nilivyofikia kwenye kesi ni hivi. Mashine yangu ya zamani ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 3600 na grafiki kadi ya GTX 1660 Super, kwenye kesi nzuri ya kuangalia, kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu za taa nyuma ya kile kioo. Ukiingia kwenye gemu dakika kumi tu inaanza kuvuma. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu, alikuwa form four, anasoma mpaka usiku alafu anajaribu kulala, na mi mwenyewe nilikuwa naacha kucheza kwa kumhurumia. Fundi aliyeiunga akaniambia tatizo ni kipoza, nitafute cha maji. Nikaanza kuweka hela pembeni kwa ajili ya kipoza cha maji.

Siku moja nikafungua ubavu kuisafisha, nikachoka kuurudisha, nikacheza hivyohivyo iko wazi. Grafiki kadi ambayo siku zote ilikuwa inakaa 84 ikasoma 73. Prosesa nayo ikashuka nyuzi nane. Nikaufunga ubavu, baada ya robo saa tukarudi 84. Nikaufungua tena, 73. Nimerudia hiyo kitu kama mara tano usiku ule maana sikuamini. Kipoza kilekile, prosesa ileile, chumba kilekile, kilichobadilika ni kwamba hewa imepata njia. Zile feni tatu za mbele zilikuwa zinavuta kioo! Hewa yote ya mashine ilikuwa inapita kwenye upenyo wa kidole kimoja pembeni, na ikishapata moto ndani inazunguka humohumo, kipoza kinapozwa na hewa ya nyuzi 45, utegemee nini.

Ndio hoja yangu yote: kipoza cha kwanza ni kesi. Chagua kesi kwanza, alafu kipoza kifuate.

Hebu tupige hesabu ya joto. Mashine mpya nimeijenga kwa Ryzen 5 7600, ambayo kwenye karatasi ni ya wati 65 ila inaruhusiwa kuvuta mpaka 88, na RTX 4070 ya wati 200. Jumla karibu 290, weka na madabodi (bodi kuu inayobeba vyote) na diski umefika 300 hivi. Kila wati inayoingia inatoka kama joto, hakuna inayopotea. Ni sawa na kuwasha balbu 5 za zamani za wati 60 ndani ya sanduku. Na angalia mgao wenyewe, kwenye gemu grafiki kadi ndio inatoa joto kubwa kuliko prosesa, mara mbili na zaidi, na hiyo haina uhusiano wowote na kipoza cha prosesa unachokitolea macho. Grafiki kadi ina kipoza chake, nacho kinategemea hewa ya kesi.

Basi nikaenda Kariakoo. Angalizo kwa asiyezoea: mtaani kwetu boksi lote la kompyuta linaitwa "CPU" wakati CPU yenyewe ni prosesa, ukisema unataka kipoza cha CPU muuzaji anaweza kukuletea feni ya kubandika ubavuni. Sema kipoza cha prosesa, taja na soketi (pale prosesa inapokaa kwenye madabodi), ya kwangu ni AM5.

Duka la kwanza, la pili, la tatu, kesi zote zina kioo mbele. Kijana mmoja anayeuza akanishika mkono kabisa, "Kaka chukua hii, ina feni saba, zote zinawaka." Nikamwomba niijaribu. Jaribio langu ni la tochi ya simu, mtu yeyote anaweza kulifanya: washa tochi, iweke ndani ya kesi ikitazama mbele, alafu zunguka uangalie kwa nje. Ukiona mwanga unapita sehemu yote ya mbele kama unapitia kwenye chekecheo, hewa nayo itapita. Ukiona mwanga unatoka kwenye mistari miwili tu pembeni, au unapita kwenye kioo chenyewe (mwanga unapita kwenye kioo, hewa haipiti, hapo usidanganyike) basi hiyo ni ya kuwekea maua. Kesi ya feni saba ilikuwa na mistari miwili, upana wa kalamu. Yule kijana mwenyewe alishangaa, akasema hajawahi kuona mtu anachungulia hivyo.

Nikawaza kuagiza China. Hapa ndio watu wengi wanaumia kwa kutojua. Mizigo ya ndege haiangalii kilo za mzani peke yake, inaangalia na ujazo. Wanachukua urefu zidisha upana zidisha kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6000 (kampuni nyingine za kusafirisha vifurushi zinagawa kwa 5000, inakua mbaya zaidi), wanalinganisha na kilo halisi, kubwa ndio unalipia. Boksi la kesi ya kawaida ya ATX (saizi iliyozoeleka ya kompyuta za mezani) linacheza kwenye 55 kwa 55 kwa 30. Zidisha, gawa kwa 6000, inakuja kama kilo 15, wakati kesi yenyewe ina kilo 8 tu. Unalipia hewa! Kipoza kwa upande mwingine ni kidogo na kizito, hakina tatizo hilo. Kwahiyo ushauri wangu ni kwamba kipoza agiza kwa ndege ukitaka, kesi itafute hapahapa mjini au iweke kwenye meli na uwe na subira.

Mi nilibahatika. Kuna mtu alikuwa anahama nchi anauza vitu vyake, kati yake kulikuwa na kesi ya Corsair 4000D Airflow, imetumika mwaka na kitu. Mbele yote ni bati la matundu, nyuma ya bati kuna chujio unalichomoa kwa mkono. Tochi ilipita kama mchana. Feni zake ni mbili tu za milimita 120, moja mbele moja nyuma, na hazina taa, na hicho ndicho kilichoshusha bei yake kwa wengine. Nikaivusha na pantoni nimeipakata, watu wananiuliza hiyo ni friji ndogo au nini. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kona ya chini, na huku kwetu upepo wa chumvi hauachi chuma kilichokwaruzwa, skrubu za nyuma za kesi yangu ya zamani zilishakua nyekundu ndani ya miaka miwili. Nikapaka rangi ya kucha nyeusi ya dada yangu mara mbili. Mpaka leo haijatoa kutu.

Haya, kesi ipo. Sasa kipoza.

Kitu cha kwanza ukishajua kesi yako ni kuangalia inameza kipoza cha kimo gani. 4000D inaruhusu mpaka milimita 170. Grafiki kadi mpaka 360. Hizo namba zipo kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kesi, usimuulize muuzaji, zisome mwenyewe. Rafiki yangu wa Temeke alihakikishiwa dukani kwamba "inaingia tu", kipoza cha 160 kwenye kesi ya 155. Milimita tano. Ubavu wa kioo haukufunga, akarudi dukani wakamwambia kilishafunguliwa hakirudishwi. Anatumia mashine ubavu uko wazi mpaka kesho, vumbi lote la barabarani liko mle ndani, na siku moja alikuta mjusi amejikunja juu ya grafiki kadi anaota moto. Milimita tano tu zimemletea yote hayo na inaniuma kila nikienda kwake.

Ryzen 5 7600 inakuja na kipoza ndani ya boksi, kinaitwa Wraith Stealth. Watu wanauliza kwanini nisikitumie wakati nishakilipia. Nilikitumia, wiki nzima, kwa makusudi, ili niongee kitu nilichokiona. Ni kipande cha alumini kifupi chenye feni juu, hakina mabomba ya shaba. Kwenye gemu kilikuwa kinaishikilia prosesa kwenye 82 mpaka 86. Nikiipa mzigo wote kwa Cinebench (programu ya kupima prosesa) inagonga 94. Hapo lazima nieleze vizuri maana kuna watu wataogopa: AMD wenyewe wameiwekea hiyo prosesa kikomo cha nyuzi 95, ikifika pale inajipunguza kasi yenyewe, haiungui. Kama hela imeisha, kitumie hichohicho kwa amani kabisa, ongeza baadae. Tatizo ni kelele. Kile kifeni kidogo kwenye chumba cha nyuzi 31 kinazunguka karibu mwisho muda wote, na kile cha kwetu kilikuwa na sauti nyembamba kama mbu. Mdogo wangu hakusema kitu ila alihamisha mto akalala kichwa kwenye miguu.

Nikaleta Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Minara miwili ya mapezi, mabomba 6 ya shaba, feni mbili za 120, kimo 155. Kwa bei ya nje inazungukia dola 35, na kwa hiyo hela sijaona kinachokaribia. Mtu anayejua pikipiki ashaelewa nusu ya hii kitu. Injini ya bodaboda haina maji, ina mapezi pembeni, upepo ukipita kwenye mapezi unabeba joto. Mapezi mengi, upepo mwingi, injini inapoa. Hapa ni hivyohivyo ila joto linapandishwa kwenye mapezi na yale mabomba ya shaba, ndani yake kuna kimiminika kidogo sana, kikipata moto kule kwenye prosesa kinakua mvuke kinakimbilia kwenye mapezi, huko kinapoa kinarudi kuwa maji, alafu kuta za ndani za bomba zinakinyonya kukirudisha kilikotoka, hakuna pampu hakuna umeme. Mi nikikaa nikiwaza hiyo kitu naipenda sana. Inafanya kazi yenyewe humo ndani kimyakimya miaka na miaka.

Matokeo, chumba 31: Cinebench 72. Gemu, Cyberpunk 2077 saa nzima, 64. Kutoka 94 kuja 72, na sauti ni ya pangaboi tu unayoisikia.

Niliangalia pia Noctua NH-D15, kile cha Austria, kimo chake 165 kwahiyo kingeingia na milimita tano zimebaki. Ni kipoza kizuri mno na nawaheshimu, ila kinapita dola 100 na kwa prosesa ya wati 88 tofauti ningeipata ya nyuzi chache sana. Ile hela nimenunua feni za kesi na bado ikabaki.

Angalia na ramu. Vipoza vya minara miwili feni yake ya mbele inakaa juu ya ramu. Ramu zenye mapambo ya taa zinafika milimita 44 hivi, feni inabidi uipandishe, na ukiipandisha kimo cha kipoza kinaongezeka, ile 155 inaweza kukua 165. Mi nilichukua ramu fupi makusudi. Mwenye kesi ya 160 na ramu ndefu hesabu hiyo aipige kabla hajatoa hela.

Cha maji je? Nimeulizwa hili kuliko yote. Cha maji nacho ni kama gari, kina rejeta na feni, maji yanabeba joto kutoka kwenye prosesa yanalipeleka kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na hewa ileile ya nyuzi 31. Narudia, hewa ileile. Maji hayashindi chumba. Faida yake ipo, kwa prosesa kubwa kweli, mtu mwenye Core i9-14900K inayovuta mpaka wati 253 huyo namwambia kabisa aweke rejeta ya milimita 360 na kesi ya kuibeba. Ila kwa mwenye Ryzen 5, au hata Ryzen 7 7800X3D ambayo kwenye gemu haili umeme mwingi, sioni sababu. Pampu ni kitu kinachozunguka, siku ikifa imekufa, na maji yale yanapungua taratibu kupitia mipira yake miaka inavyokwenda, na kwenye vingi huwezi kuyajaza. Ya mnara ikifa feni nanunua feni nyingine Kariakoo jioni hiyohiyo nabana na waya wake wa kuishikilia. Na kwetu waranti maana yake ni kurudisha kitu nchi za watu kwa gharama zako. Ukishaamua ni cha maji basi angalau kifungwe vizuri: rejeta iwe juu ya kesi, au ikikaa mbele basi ncha yake ya juu iwe juu kuliko pampu, kwa sababu hewa kidogo iliyomo ndani inapanda mahali pa juu kabisa na hutaki mahali hapo pawe pampu. Nimeona mafundi wanaiweka chini ya kesi ili taa zionekane. Inanguruma.

Kufunga kipoza chenyewe kulinichukua kama dakika arobaini. Kwa waliotoka AM4, soketi ya kabla ya AM5, kama mimi, habari njema ni kwamba ile sahani ya nyuma ya madabodi kwenye AM5 haianguki ukifungua skrubu za mbele, imeshikwa na soketi. Kofia la prosesa za AM5 (lile bati la juu) limekatwakatwa pembeni, lina miguu kama pweza, na watu wanaogopa pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) itaingia kwenye zile nafasi. Weka kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kandamiza kipoza kisawasawa, kidogo kikitambaa pembeni hakina shida. Nilitumia pesti ya Arctic MX-4. Chini ya kipoza angalia kama kuna nailoni ya kulinda, ibandue, hiyo imewaliza wengi. Skrubu mbili kaza kwa zamu, huku mizunguko miwili kule mizunguko miwili, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza kipoza kinainama. Na feni ya katikati itoe kwanza maana bisibisi lazima iwe ndefu ipite kati ya minara. Hiyo bisibisi ndefu niliazima kwa fundi redio jirani, yangu haikufika.

Feni za kesi. Niliongeza Arctic P12, mbele zikawa tatu zinavuta, nyuma moja inatoa, juu sikuweka kitu. Nimefanya hivyo nikijua. Ukiwa unaingiza hewa nyingi kuliko unayotoa kwa feni, hewa ya ziada inatafuta pa kutokea kwenye matundu yote, kwahiyo vumbi linaingia mahali pamoja tu, kwenye chujio la mbele. Ukifanya kinyume, feni nyingi zinatoa, mashine inavuta hewa kwenye kila upenyo wa nyuma na wa chini, huko hakuna chujio. Kwa barabara yetu ya vumbi hilo halina mjadala. Nilijaribu kuongeza feni ya kutoa juu, tofauti ikawa nyuzi moja, nikaitoa.

Chujio la mbele nalisafisha kila Jumamosi ya pili kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Wiki mbili tu na linakua la kijivu kabisa, ukilipitisha kidole unachora mstari. Usiiweke mashine sakafuni, iweke mezani, kuna tofauti kubwa sana ya vumbi.

Swali lingine la watu wa pwani: unyevu. Wanaogopa kipoza kikubwa kitatoa jasho kama glasi ya maji baridi. Hakiwezi. Glasi inatoa jasho kwa sababu ni ya baridi kuliko hewa, na nimeshasema kipoza cha hewa hakishuki chini ya chumba, cha maji hakishuki pia. Hatari iko kwingine na haisemwi sana: mwenye kiyoyozi. Chumba chako ni nyuzi 19, mashine imezimwa na imepoa mpaka 19, unaibeba unaitoa nje kwenye hewa ya Februari ya Dar. Hapo chuma chote kinaloa, ndani na nje, kama miwani inavyoziba ukungu ukitoka kwenye benki. Ukihamisha mashine namna hiyo iache saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Vitu viwili vya mwisho ambavyo havikunigharimu hata senti. Kwanza kasi za feni kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi). Mipangilio ya kiwandani imewekwa kwa watu wa vyumba vya baridi, feni zinaanza kupanda prosesa ikifika 45 au 50, na huku kwetu prosesa isiyofanya kitu iko 46! Kila ukifungua kivinjari feni zinapanda, zinashuka, zinapanda, hiyo ndio inachosha masikio kuliko kelele ya moja kwa moja. Nimesogeza mwanzo wa kupanda mpaka 60 na nikaweka ucheleweshaji wa sekunde chache, kwa sababu hizi Ryzen joto lake linarukaruka. Pili, grafiki kadi nimeiwekea kikomo cha umeme cha asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner, kutoka wati 200 kuja 160. Fremu (picha kwa sekunde) zilipungua chache ambazo kwa macho sizioni, ila wati 40 za joto hazipo tena chumbani, na nalala humohumo.

Wa Njombe, Mbeya, Arusha, hata ndugu zetu wa Nairobi, nyinyi hesabu yenu ni nyingine, usiku wenu unaweza kuwa nyuzi 15 na kile kipoza cha boksini kikawatosha. Tochi kwenye kesi ifanyeni hata hivyo.

Kilichobaki kwangu ni chujio la chini la pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme), linataka usogeze mashine yote ndio ulitoe na meza yangu imebana ukutani. Jumapili hii mdogo wangu yupo, tutaivuta meza wote wawili. Alafu Julai chumba kikishuka kwenye 24, 25 nitarudia vipimo vyote kwa utaratibu uleule, Cinebench na saa nzima ya gemu, na nitaviweka hapahapa chini mlinganishe.